Wabeja Si Hukumu

Nkwabi,

Wamekutundika kwenye bango. Nakuambia mapema kwa sababu hukupenda habari ya kuzunguka. Ulitaka jambo lenyewe likae kwenye sentensi ya kwanza. Pale Kalangalala, Geita, kwenye ule mgahawa wa ghorofani ambao vijana wote wa mjini wanapigia picha, walishusha bango refu kutoka dirishani hadi karibu na mlango wa chini. Katikati baga kubwa inayong'aa mafuta, pembeni uso wako, na maneno haya: "WABEJA! Hukumu ya mwisho ya Nkwabi wa redioni." Picha waliitoa kwenye tangazo la msiba wako. Walifuta msalaba tu.

Nilipigiwa simu na msikilizaji, akinipongeza. Alidhani tumefurahi.

Siku ile unaikumbuka. Tulitoka Shinyanga kupitia Kahama, wewe, mimi na Doto dereva, kwa ajili ya kipindi chetu cha Jumamosi: marafiki watatu wanakula chakula ambacho wasikilizaji wanakibishania, halafu wanasema ukweli. Masharti yalikuwa yako. Tule bila kuzungumzia chakula mpaka sahani ziishe. Tumshukuru aliyepika, hata kama ametulisha mkaa. Na hukumu isitolewe ndani. "Ndani sisi ni wageni," ulikuwa ukisema. "Uhakimu unaanza tukishavuka barabara." Doto alikuwa anakutania kwamba sharti hilo umeliweka kwa kuogopa kupigwa na wapishi.

Tukala. Ukumbi ulikuwa umejaa wachimbaji waliotoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na hela mpya, kila mmoja na baga yake na soda mbili. Elinami, mwenye mgahawa, akaja mezani mwenyewe kutuangalia machoni. Ukasimama, ukampa mikono yote miwili, ukasema, "Wabeja, wabeja sana. Bhaga yako nimeimaliza." Uliitamka hivyo, na ile bh ya kwenu ambayo miaka yote ya redio haikuiondoa.

Mtu yeyote aliyekulia Usukumani angejua ulichosema. Ulisema asante. Ndivyo unavyosema ukipewa maji, ukipishwa kwenye mlango, ukirudishiwa chenji. Lakini Elinami ametoka Same. Amelisikia neno hilo sokoni likisemwa kwa tabasamu, na kichwani mwake likakaa kama sifa, yaani kitu kimefika juu kabisa. Akarudi jikoni akitembea kama ameshinda uchaguzi.

Tukavuka barabara, tukasimama kwa fundi viatu. Doto akasema haina pilipili, kama anavyosema kuhusu kila kitu, pamoja na chai. Mimi nikasema mkate umeungua chini. Wewe ukajifuta ndevu, ukasema, "Kachumbari yake nzuri. Nyama imechoka. Imelala kwenye friji mpaka imesahau kama ilikuwa ng'ombe." Fundi viatu aliangusha sindano kwa kucheka.

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Haikurushwa. Presha ilikuchukua kabla ya Jumamosi, na saa yetu wakapiga nyimbo za maombolezo.

Nilimpigia Elinami. Sitamsingizia, hakunijibu vibaya. Alisema kwa upole, "Dada, marehemu alisema kwa mdomo wake, mbele ya wateja wangu." Nikamweleza maana ya wabeja. Akasema huenda, ila mkono ulivyomshika haukuwa wa asante tu. Nikaenda kwa mhariri. Akaniambia marehemu hasemwi vibaya. Nikamwambia hata mimi sitaki asemwe vibaya, nataka asisemewe. Akaniuliza bango linakusifia, sasa nalitakia nini. Nalitakia ukweli, nikamwambia. Akarudi kwenye kompyuta yake.

Ofisi haikunizuia, unanijua. Aliyenizuia ni mke wako. Doto alisikia kwamba Mama Neema ameomba shemeji yake ampeleke Geita akalione bango. Hapo nikasita. Kama mjane anapata nafuu kwa kuuona uso wa mumewe juu ya mji, mimi ni nani wa kwenda kuushusha kwa sababu ya neno moja.

Nikaenda kwenu Maganzo. Nilimkuta uani anabangua karanga. Nikamwambia yote mawili, kilichoandikwa kwenye bango na ulichosema kwa fundi viatu, bila kulainisha. Aliendelea kubangua. Nikafikiri nimeharibu. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikajua anacheka.

"Huyo alimwambia wabeja hata nesi aliyekuwa anamtafuta mshipa na kuukosa," akasema. "Mwandishi, kama wabeja ni hukumu, basi mimi ni mpishi wa ikulu. Na wewe umekula kwangu, unajua."

Kisha akaacha kucheka. Akasema ulikuwa mtu mgumu kuishi naye kwa sababu hiyo hiyo: kitenge kibaya ulisema kibaya, uji mzito ulisema mzito, ila uliyasema jioni, baada ya kushukuru asubuhi. Alivumilia ukweli wako miaka yote ya ndoa. Hakuwa tayari kuona mtu mwingine anaubadilisha sasa, wakati huwezi kujibu. Akaniuliza gari la Doto linaondoka lini.

Pale mgahawani Geita alikaa kwenye kiti chako, Nkwabi. Nje ya dirisha uso wako ulionekana kwa nyuma, umegeuka, herufi zinasomeka kinyume. Hakuutazama. Aliifunua baga, akaikagua nyama kama mnunuzi anavyokagua ng'ombe mnadani, akaifunika, akala taratibu mpaka ikaisha. Doto alitaka kusema neno, Mama Neema akamkata jicho. Masharti yako anayajua kuliko sisi.

Elinami alipotambua ni nani alikuja mbio na soda, akampa pole. Mama Neema akasimama, akampa mikono miwili, akasema, "Wabeja sana." Nikaona uso wa yule kaka ukifunguka. Hata wahudumu walitabasamu. Mama Neema hakumwachia mikono.

"Nimekushukuru, baba," akamwambia. "Ikoje, bado sijakwambia. Tuvuke."

Elinami akavuka nasi na aproni yake. Doto akasema pilipili hakuna. Mimi nikasema mkate safari hii haujaungua. Mama Neema akasema, "Nyama ni ya leo. Nimekula ng'ombe." Na ni kweli, Nkwabi, ilikuwa nzuri. Nilitamani iwe mbaya, ingenirahisishia kazi. Haikuwa mbaya.

Elinami akaanza kucheka kwa furaha. Hapo nikamweleza hukumu yako, neno kwa neno, mpaka kwenye friji na ng'ombe aliyesahau. Fundi viatu akaitikia kwamba ndivyo ulivyosema, na yeye ameshaisimulia kwa wateja wake wote. Elinami akauliza mbona hukumwambia palepale. Doto akamjibu, "Alikuwa mgeni wako, bosi."

Ndipo yule kaka akasema jambo ambalo sikulitarajia. Kwamba siku zile wateja walikuwa wanabakiza nyama na kumaliza mkate, akajifanya haoni. Baadaye akabadilisha bucha. Alikuwa analijua tatizo lile uliloliona wewe, na bado alitundika bango. Nadhani alilihitaji zaidi kwa sababu alijua.

Akaomba basi liandikwe jipya, kwa jina la Mama Neema, maana sasa amesifiwa kweli. Mama Neema akakataa. Maneno yake yatatoka redioni pamoja na yetu, akasema, na uso wa Baba Neema ushuke leo. Elinami akasema watu wataonaje, ukumbi umejaa, asubiri kesho. Mama Neema akavuta benchi la fundi viatu, akaketi, akapanga kitenge chake vizuri. Akasema hana haraka, Maganzo haihami. Wachimbaji wakaanza kutoka nje na baga zao mkononi kumwangalia. Mmoja akapiga kelele kutoka ngazini, "Bosi, mshushe mzee, mama hatanii."

Wakakata kamba.

Jumamosi tukarusha hukumu zote mbili, ya kwako na ya sasa, kila moja kwa mwenyewe. Baga yao tumeisifia, anayestahili apewe. Simu zikaja. Mzee mmoja akanikemea kwamba nimemdhalilisha marehemu kwa kumrudisha kwenye ubishi wa chipsi na nyama. Nilimjibu hewani kwamba Nkwabi hakuwahi kukubali kila alichopewa, na kufa hakujamfanya aanze. Mhariri alinitazama kupitia kioo. Sikupunguza sauti.

Bango amelichukua Mama Neema. Anaanikia michembe, viazi vitamu vyake vya kukausha. Amekugeuza uso chini usiungue na jua.

Rafiki yangu, kesho narudi kwenu Maganzo. Nikifika kaburini nitasema wabeja tu, kwa sababu pale mimi ni mgeni. Nikishavuka barabara nitakuhukumu kama ulivyotufundisha: ulikuwa mchelewaji, mbishi, mroho wa kachumbari, na katika miaka yote niliyokujua hukunidanganya. Hayo nitayasema kwa sauti, Doto akiwa shahidi. Na atakayekuwekea neno jingine mdomoni, awe na mgahawa au awe na ofisi, mimi nitakuwa nimekaa kwenye benchi upande wa pili wa barabara, namsubiri avuke.

Lala, Nkwabi. Kiti chako kina mtu.