Choo cha Tumpe Kinamsubiri Mgeni Rasmi

Jumatatu, 15 Julai 2024

Haya, umerudi! Tangu Pasaka hujagusa kalamu, bibi mzima, kazi kulalamikia magoti. Ungekuwa mtu mwingine, si mimi mwenyewe, ningekufungia daftari hili. Herufi zenyewe umeziokota kanisani kwenye kitabu cha nyimbo, shule huijui hata harufu — halafu unazitupa? Kaa chini. Andika.

Mjukuu wangu Tumpe hanywi chai. Baridi hii ya Uyole, kikombe kinafuka mvuke, anakisukuma! Nikadhani sukari ndogo. Leo nimembana. Eti, Bibi, nikinywa nitabanwa shuleni. Choo cha shule kina ngazi, na miguu yake haimbebi. Kiti chake cha magurudumu kinabaki nje, yeye anatambaa kwa viganja juu ya mikojo ya wenzake. Basi hanywi kitu mpaka arudi. Mtoto wa darasa la tatu!

Na choo kipya je? Nimekiona kikijengwa kwa ajili ya watoto kama yeye — mteremko wa zege, vyuma vya kushikilia, vigae vyeupe. Kina kufuli, anasema.

Jumatano, 17 Julai

Nimekwenda. Mwalimu mkuu, Anord, kaniamkia vizuri, kanipa kiti, kanipa soda. Kila kitu isipokuwa ufunguo. Eti choo hakijazinduliwa. Eti watoto watachafua vigae kabla mgeni rasmi hajafika. Nikamwuliza, mwanangu, huyo mgeni naye anatambaa? Akacheka. Ndiyo taratibu, Bibi.

Taratibu! Hata mimi nina vikombe vya maua kabatini, vinasubiri wageni, nyumba gani hapa haina? Lakini vikombe vyangu havijamtambaza mtoto wa mtu kwenye mikojo.

Ijumaa, 19 Julai

Tumpe ana homa. Zahanati wanasema mkojo una wadudu, anywe maji mengi. Maji mengi! Nimecheka mpaka nesi kaniogopa.

Mama yake, Yusta, aliyeolewa Iringa, kapiga simu. Mama, mtoe shule, mlete huku akae nyumbani. Afanye nini, achunge kuku? Tumpe kasikia yote. Kajifunika blanketi gubigubi.

Nikamwambia Yusta, nipe mpaka Jumanne. Jumanne ndiyo uzinduzi.

Jumanne, 23 Julai

Mgeni rasmi tumemngoja asubuhi, kaja jua la utosini. Kwaya, ngoma, hotuba ndefu kama safari ya Dar. Tumpe, homa imemtoka juzi tu, kavalishwa soksi mpya amkabidhi maua. Mgeni kakata utepe. Kaingia. Kafunga mlango — kakitumia! Sisi nje tunaimba. Katoka anasifu vigae. Makofi!

Gari halijafika barabarani, Anord na kufuli lake huyoo mlangoni. Nikauliza, na sasa? Eti mwezi ujao wafadhili wanakuja kupiga picha, kikae kisafi.

Tumpe akanivuta kitenge. Bibi, nimebanwa.

Sikupiga kelele. Nikasema, mwanangu Anord, hebu nishikie mkongojo. Adabu anayo, akaushika. Nikalinyakua kufuli kabla hajalifunga, nikalitumbukiza kifuani. Humo nani atatia mkono? Wamama wa kwaya walicheka mpaka wakakaa chini. Nikamsukuma Tumpe juu ya mteremko, akaingia na kiti chake, akajifungia mwenyewe. Mwenyewe! Tukamsikia ndani anaimba ule wimbo wa mgeni rasmi.

Sasa kufuli liko hapa, karibu na kibatari. Mwenyekiti wa mtaa kaleta ujumbe: kesho asubuhi lirudi, la sivyo Tumpe asikanyage shule. Yusta anapiga simu, sipokei. Tumpe ameshapanga madaftari yake kwenye begi.

Kesho tunakwenda. Kufuli linabaki.

Nawe bibi, ukirudi hapa, usinianzie habari za mwenyekiti wala za Anord. Andika kwanza kama Tumpe alimaliza chai. Nimemtolea kikombe cha maua.