Picha za Mama Tabita Bado Zinasafishwa

Mpendwa Shangazi Roda, nakuomba uniokoe kabla ya Jumamosi, mimi ni mpiga picha hapa Vwawa, miaka yote nilitumia memori kadi ndogo nne za jibii mbili mbili, lakini harusini watu wakawa wananicheka, "Bibi harusi subiri, Efraimu anabadilisha kadi!", nikaona aibu, nikavuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, nikanunua moja ya jibii sitini na nne, muuzaji akaniambia, "Mulamu, shemeji yangu, harusi zote za mwaka zitaingia humu," zile ndogo nikazigawa, na harusi ya kwanza ikawa ya Aida kule Isansa, nikapiga toka asubuhi hadi keki bila kusimama, kufika nyumbani naona majina ya picha mia sita lakini nikizifungua ni kijivu kitupu, zimepona arobaini za mwanzo tu, za kumvalisha bibi harusi.

Nikamwambia Aida picha zinasafishwa Mbeya. Wiki ya tatu mama yake, mama Tabita, akafariki, na ukiacha ile ya kadi ya kura iliyofutika sura hana picha nyingine, sasa Aida anataka ile ya mama akimkabidhi kwa mume iwekwe mezani Jumamosi, siku ya kuanua matanga, na mimi bado nasema zinasafishwa. Ninayo picha ya Edina, mdogo wa marehemu, wamefanana mno, rafiki yangu anasema niififishe kidogo niwape. Katika zile arobaini sura ya mama haimo, kuna moja tu yenye mkono wake ukimfunga Aida shela. Nifanyeje, shangazi?

JIBU: Pole, lakini pole kubwa nampa Aida. Kuuziwa kadi feki, imeandikwa jibii sitini na nne kumbe ndani ni kiduchu, si dhambi. Ila ungeijaza kwanza picha za kuku wako hapo nyumbani ungeijua, wewe ukaipeleka moja kwa moja kwenye siku isiyorudi!

Picha ya Edina ichane. Unadhani Aida hamjui aliyemzaa? Na Edina akae pale mbele, mzima, aone uso wake umewekewa maua ya marehemu? Huna hata haya!

Nenda Isansa leo, na kadi yenyewe mkononi, useme picha hazipo. Usitaje Mbeya. Watakutukana, nawe ukae. Waulize waliopiga kwa simu siku ile. Kisha tafuta tena kadi ndogo, ya kanisani mbali, ya ukumbini mbali, ikijaa mpe ndugu wa bibi harusi aitunze. Wanaocheka na wacheke.

Majina nimeyabadilisha, lakini gazeti hili unalolisoma leo linafika Isansa Ijumaa, na njia ya mwongo ni fupi. Tangulia wewe.

Na ile ya mkono, kaisafishe kubwa, safari hii kweli. Usimweleze Aida ni nini. Mkono uliomwogesha ataujua.