Brashi ya Kitambaa cha Bluu

Mpendwa Baba Neema, fundi wangu,

Shikamoo. Najua safari hii marahaba sitaisikia, lakini sijazoea kusema na wewe bila kuanza hivyo.

Nakuandikia kutoka Bagara, hapa Babati, kwenye karakana yetu ileile. Sasa ni ya mtu mwingine na mimi ni kibarua wake. Tunachomelea mageti tu. Mgongo umechoka, macho yamechoka, na mke wangu na watoto kule Kasulu bado wako mbali kama siku ile niliposhuka stendi ya Babati na begi moja. Uliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema niliishia darasa la sita. Ukacheka: "Basi la saba utamalizia hapa, Kigoma." Kuanzia hapo hakuna aliyeniita jina langu tena.

Darasa lenyewe lilikuwa vipande vya stenlesi, chuma kisichoota kutu ovyo, ulivyovipanga juu ya benchi, kila aina na namba yake. Kwangu vyote vilikuwa kitu kimoja, bati linalong'aa. Ukanipa sumaku. Ikanasa kwenye namba 430, ukasema hiyo ni ya urembo na masinki ya bei nafuu, isisogezwe karibu na chumvi. Ikanasa kwenye 420, ngumu, ya visu vya bucha, lakini ukiiacha na maji inakuaibisha. Kwenye 304 haikunasa. Hiyo ni ya maziwa na vyombo vya chakula. Ya 316 ulikuwa na kipande kidogo kama kiganja, ukaniambia hiyo huvumilia hata chumvi, na viwanda vya dawa huitaka hiyo. Nikajiona nimeshaelewa. Nikajaribu kipande cha mwisho, sumaku ikateleza, nikapaza sauti, "304!"

"Umefeli," ukasema. "Hiyo ni 201. Wamepunguza nikeli, wakaongeza manganizi, iwe ya bei rahisi. Sumaku haiijui, macho hayaijui. Mteja hawezi kujua, Kigoma. Anachonunua ni neno la fundi."

Ndipo ukanionyesha brashi mbili za waya. Moja ya chuma cheusi, ya mageti. Nyingine ya stenlesi, uliyoifunga kitambaa cha bluu kwenye mpini ili nisichanganye. Ulisema stenlesi ina ngozi nyembamba isiyoonekana, ikichubuka hujirudisha yenyewe kwa hewa tu. Lakini ukiisugua kwa brashi ya chuma cheusi, unaipaka vumbi la chuma, na vumbi hilo ndilo litakaloota kutu.

Nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma. Sikukosea kwa kutojua.

Tulipotengeneza tangi la maziwa la kikundi cha akina mama wa Mutuka, kijijini kwako, bati la 304 ulilifuata mwenyewe Arusha. Siku ya mwisho ukatoka kwenda kutafuta boliti, ukaniachia kusafisha mishono tuliyochomelea. Brashi ya bluu ilikuwa kabatini, hatua sita kutoka nilipokaa. Brashi ya mageti ilikuwa mguuni pangu. Nilikuwa nimechoka, Baba Neema. Sina sababu nyingine.

Haukupita mwezi, mwenyekiti wao, Mama Paskalina, akatuita. "Fundi, njoo uone upele wa tangi lako!" Kutu ilikuwa imefuata mistari ya brashi, kama alama za ufagio. Ulipitisha kidole juu yake taratibu. Kisha ukanitazama. Nilikuwa nimeshika mfuniko, nikautazama mfuniko.

"Hii ni kutu ya juu tu, mama," ukamwambia. "Bati ni 304. Niacheni nilioshe kwa dawa."

"Ulioshe ili ufute ushahidi? Umetuwekea bati la bandia. Sisi wakulima, lakini si vipofu! Mwizi mkubwa wewe!"

Ungeweza kusema ni kijana wako. Ulisema, "Karakana ni yangu," basi. Neno moja kutoka kwangu lingemaliza yote. Niliogopa ungenirudisha Kasulu mikono mitupu, nikanyamaza. Wateja wa stenlesi wakapungua, kisha wakaisha.

Siku ulipofunga karakana ili urudi shambani, ulinipa brashi ya bluu. "Chukua, Kigoma. Ni mpya kabisa." Ukaigeuza ili nizione waya zake, zote zimenyooka. Brashi iliyotakiwa kusafisha tangi zima. Ulisubiri. Nikasema, "Asante, baba."

Kutoka hapa mpaka kwako Mutuka ni bodaboda tu, wala si safari. Sikuja hata mara moja, mpaka siku ya mazishi yako. Nilisimama nyuma kabisa, nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Mtu mwema huyu. Basi tu lile tangi." Hata pale, Baba Neema. Hata umelala pale.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Mama Paskalina. Tangi walikuwa wanakingia maji ya mvua. Nilimweleza yote. Akauliza, "Siku nilipomwita mwizi, wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Mwenye mfuniko."

"Ndiyo, mama."

Akaniruhusu nilioshe. Nilipaka dawa, nikasugua kwa brashi yako, nikasuuza, nikaliacha nje. Mvua imelinyeshea msimu mzima na halina hata doa. Bati lilikuwa 304, kama ulivyosema. Juzi Mama Paskalina alilipapasa kwa kiganja na akalia. Alipomaliza kulia akasema, "Usiniambie mimi peke yangu. Mimi nilimtukana mbele ya watu. Jumapili kikundi kinakaa, na Mama Neema atakuwepo. Useme mbele ya watu."

Jumapili ni kesho. Kusema kwangu ni kwa kubabaika, ndiyo maana nimeandika, nitaisoma barua hii nikiwa nimesimama mbele yao. Inawezekana baada ya hapo hakuna mtu Babati atakayenipa kazi ya maana. Sikuombi unisamehe, maana ulinipa nafasi ukiwa hai na mimi nikasema asante.

Brashi yako si mpya tena. Waya za upande mmoja zimelala. Nitakwenda nayo, nimkabidhi Mama Neema mkononi.

Lala, baba.

Mwanafunzi wako wa darasa la saba,
Kigoma