Shati Lisilofuliwa

Mbinga, 30 Juni 2024

Mwanangu Kornelio,

Hujambo, na mkeo Editha hajambo? Sie wazima, tunachuma kahawa. Mwanao Augustine, mume wangu wa uzeeni, amenenepa. Kile kikohozi alichokuja nacho matembezini kimekwisha, kifua hakilii tena. Huku hakuna mvutaji. Kwako sebule ndogo, na moshi wa sigara zako ndio pazia.

Basi simrudishi. Siku ukiacha, nitumie shati uliloshinda nalo, lisifuliwe. Nimekunyonyesha mie, pua yangu huidanganyi.

Mama yako

Ukonga, 20 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Huku wazima, ila nyumba imepoa. Editha anakunja nguo za mtoto, anazikunjua, anazikunja tena. Sigara nimeacha, Mama. Shati nimempa kondakta wa basi pale Mbezi Luis. Nusa mwenyewe, kisha unirudishie mwanangu.

Mwanao Kornelio

Mbinga, 4 Agosti 2024

Mwanangu,

Hujambo? Shati limefika, linanuka embe. Nikajiuliza, siku hizi vinyago mnavyochonga huko Mwenge mnavipaka juisi? Augustine akalinusa, akafurahi: "Hiyo harufu ya sigara ya baba ya kuchaji. Baba anatoa wingu, mie nalidaka kwa mdomo."

Sikucheka, mwanangu. Niliumia sana.

Mama yako

Ukonga, 13 Oktoba 2024

Mama, shikamoo.

Nilikaa kimya kwa aibu. Muuzaji wa kile kisigara cha kuchaji, nilichokuwa nacho tangu mtoto yuko hapa, aliniambia ni mvuke wa embe tu, nami nikaamini kwa kuwa nilitaka kuamini. Nilipouliza zahanati, nikaambiwa nikotini ni ile ile, na mtoto alikuwa akiivuta pamoja nami.

Nimekitupa. Wiki za kwanza nilikuwa mkali hata Editha akawa ananipa mihogo mibichi nitafune ninyamaze. Shati la pili ndilo hilo. Nimemkumbuka mwanangu, Mama.

Mwanao Kornelio

Mbinga, 27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Hamjambo? Sie wazima. Shati nililinusa peke yangu chumbani. Jasho, vumbi la mpingo, na wewe. Ni miaka sijaisikia harufu yako, nikalia kidogo.

Nilitaka kulifua, mume wangu akakataa. Analala nalo. Tutafika Mbezi Luis Jumamosi jioni, njooni wote wawili. Na usishangae akikunusa kwanza kabla hajakukumbatia. Nimemfundisha mie.

Mama yako