Kamba Iliyofungwa Tyubu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Kasulu mjini
Kuhusu: Kifo cha Bazilio Nkunzimana, mkata matawi
Jina la shahidi: Esteri Ndayisaba
Umri: Miaka 26
Dini: Mkristo
Kazi: Mwalimu wa Fizikia, shule ya sekondari
Makazi: Heru Juu
Tarehe: 11 Julai 2024, saa 2:20 asubuhi
Mwandishi: WP Koplo Kudra

Naeleza kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu. Kabla ya yote nimeomba ipigwe simu Busunzu, wilaya ya Kibondo, kwa sababu mume wangu anapanda mti huko asubuhi hii kwa kamba ambayo itakatika. Koplo amesema hawezi kusimamisha kazi ya watu bila kujua anasimamisha nini. Ameniambia, "Nieleze kwanza, mwalimu, tena kwa mpangilio." Basi naeleza kwa mpangilio, na naomba nisikatizwe.

Mume wangu ni Fidele Nduwayezu. Yeye na marehemu Bazilio walikuwa wapandaji katika kundi moja linalokata matawi kando ya nyaya za umeme. Kundi lina kamba moja tu ya kupandia, ya nailoni, ya bluu, unene wa kidole gumba. Mpandaji huvaa mkanda wa kiunoni na mapajani. Kamba hupitishwa juu ya panda ya tawi nene, ncha moja hufungwa kwenye mkanda, nyingine hushikwa na mtu aliye chini. Mkanda una pia ugwe mfupi wa kuzungusha kwenye shina, lakini huo hufunguliwa kila mpandaji anapohama upande. Wakati huo uzito wake wote unabebwa na kamba, pale inapolalia tawi.

Ili gome lisiisage kamba, wapandaji wa huku huizungushia raba ya tyubu ya baiskeli mahali hapo. Ndiyo desturi yao. Mtu akiona kamba ina raba, anajua hapo ndipo pa kulaza kwenye tawi. Hili naomba liandikwe vizuri.

Mnamo tarehe 9 Julai, Jumanne, kundi lilikuja kukata mikaratusi nyuma ya shule yetu. Siku hiyo walichelewa kuanza, na mapumziko ya saa nne niliwapelekea chai. Walikuwapo Fidele, Bazilio, mshika kamba aitwaye Nurudini, na msimamizi wao Evaristi. Ilikuwa zamu ya Fidele kupanda. Bazilio akamnyang'anya mkanda akisema mwenye mke msomi abaki chini apuliziwe chai, yeye wa kwake alishamzoea, hata akichelewa kurudi hamuulizi. Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Aliponyoosha kamba akakuta tayari ina raba, imefungwa vizuri sana. Akamshukuru Fidele. Fidele akasema si yeye. Bazilio akasema basi ni Evaristi, leo ameamka na mapenzi. Evaristi hakukubali wala hakukataa, alikuwa anazungumza na simu. Bazilio akailaza ile raba kwenye panda, akapanda na chenso, ule msumeno wa injini.

Alikata tawi la kwanza salama. Akafungua ugwe ahamie upande wa pili, akaegemea nyuma kamba imbebe. Nilisikia mlio mfupi, kama kijiti kikavu kinavyovunjwa. Akaanguka hadi chini. Nilikuwa karibu kuliko wengine. Nilimshika kichwa. Aliniuliza kama chenso imeharibika. Nikamwambia haikuharibika. Alifariki njiani kwenda hospitali, Kabanga.

Evaristi alisema Bazilio aliigusa kamba kwa chenso mwenyewe. Niliomba kuiona. Nyuzi hazikuwa na alama ya meno ya chenso. Chini ya raba zilikuwa zimeyeyuka na kushikamana, ngumu, nyeusi, zinang'aa. Nikamwambia hii ni kazi ya moto, si ya chuma. Akanijibu, "Chenso nayo inachemka, shemeji." Kipande kifupi kilibaki shuleni, nimekileta hapa kwenye mfuko. Kile kirefu alikikunja, akasema kilichobaki ni kizima na kazi ya Busunzu haiwezi kungoja.

Tulimzika Bazilio jana mchana. Jioni Fidele aliondoka na wenzake. Nilimwomba asiende. Alisema akikataa atapandishwa Nurudini, na Nurudini hajawahi kupanda hata mpera. Nilimfungia nguo zake.

Leo alfajiri wazazi wa Fidele walifika kutupa pole. Kwetu mkamwana hasemeshani na baba mkwe uso kwa uso. Yeye alikaa uani, mimi nikabaki jikoni, mama mkwe akasimama mlangoni kati yetu. Mzee alimalizia pole zake. Kisha akasema, "Muulize mkamwana, kamba yenyewe ni ile ya bluu?"

Nikajibu kwa mama kwamba ndiyo.

Akasema, "Mwambie hiyo ndiyo niliyovunia asali."

Nikaelewa hivi. Mwezi wa sita Fidele alimwazimisha baba yake ile kamba ya kazini, aifikie mizinga iliyo juu sana. Mzee alipanda na mwenge wa kufukuzia nyuki. Nyuki walimzidi, mwenge ukamponyoka, ukaning'inia kwenye kamba na kuiunguza. Aliona haya kuirudisha na jeraha. Akakata tyubu ya baiskeli yake, akaifunga kwa ustadi wake wote, akairudisha ndani ya gunia Fidele akiwa hayupo nyumbani. Aliamini anaiongezea nguvu. Hakujua kwamba kwa wapandaji raba ina maana nyingine.

Hapo nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilimpita mama mlangoni, nikasimama mbele ya mzee nikamuuliza mwenyewe, "Baba, uliifunga mahali pangapi?"

Hakuninyanyulia macho. Alinyoosha vidole viwili.

Kile kipande kifupi nimekikunjua chote. Kina raba moja tu, ile iliyokatikia. Raba ya pili imekwenda Busunzu.

Nilimpigia Fidele. Simu yake huiacha chini kwenye begi, haikupokelewa. Nilimpigia Evaristi, akapokea. Nilimweleza yote. Alisema msiba umenichosha, nipumzike. Nikamwambia aikague kamba yenyewe. Akasema, "Nimeikagua, shemeji, mpaka raba imeshafungwa, tunailaza hapo hapo." Nikapiga kelele. Akakata. Tangu hapo hapatikani. Nilichukua bodaboda nikaja hapa, kwa sababu Busunzu nisingefika kabla hawajaanza.

Nafundisha watoto mambo haya. Nailoni iliyoyeyuka ikapoa inakuwa kama plastiki ya ndoo. Ukiivuta imenyooka inaweza kushika, hata siku nyingi. Ukiikunja huku ina mzigo, inakatika. Na raba ile inawaonyesha wapandaji mahali pa kuikunja.

Najua kwa kusema haya namtia mume wangu hatiani, kwani kamba haikuwa yake kuazimisha. Namtia hatiani na mzee pia. Iandikwe hivyo hivyo. Nitakuja kusimama nao mahakamani. Sasa hivi ninachotaka ni ashuke.

Saa ya ukutani hapa inaonyesha saa 2:55. Wao huanza saa tatu, wakati mwingine mapema kama hakuna ukungu. Leo hakuna ukungu.

Sina zaidi ya hapo. Nimesomewa, na ni kama nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: E. Ndayisaba

MAELEZO YA OFISA

Mimi Koplo Kudra nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Saa 2:58 nilipiga simu kwa wenzetu wa Kibondo. Askari aliyekuwa doria upande wa Busunzu alikwenda kwa pikipiki na kufika eneo la kazi saa 3:35.

Alimkuta Fidele Nduwayezu juu ya mkaratusi, tawi la kwanza ameshalikata, kamba imelalia panda kwenye raba. Ugwe wa shina alikuwa bado hajaufungua. Ameelezwa kwa sauti kutoka chini. Amekaza ugwe kwenye shina na kuifungua kamba kutoka kwenye mkanda.

Mti hauna matawi ya kushukia na ngazi iliyopo kijijini haimfikii. Nurudini ametumwa na pikipiki kutafuta kamba nyingine. Evaristi yuko chini ya ulinzi.

Fidele amelalamika miguu inakufa ganzi. Askari ameweka simu yake kwenye kipaza sauti na kuinyanyua kwa fito, ili shahidi aweze kuzungumza na mumewe. Nimemwachia shahidi simu ya mezani, kinyume cha utaratibu.

Natia sahihi saa 4:25. Kamba haijafika. Shahidi bado anazungumza naye.

WP Koplo Kudra