Tundu Lililozibwa

Jumamosi, 3 Mei

Leo hatimaye nimeingia nyumba waliyokulia akina Mama. Mahame yote ya barabara ile nimeshayapiga picha – ya mwalimu mstaafu, ya wafuga nyuki, na ile iliyobaki ngazi tupu isiyopanda popote. Hii peke yake Mama alinikataza. "Kuna nini cha kuona? Popo." Sasa mimi ukiniambia nisichungulie, si ndiyo umenituma?

Nyumba moja, milango miwili ya mbele! Na yote ipo. Watu wakihama huondoka na mlango, na bati, hata fremu za madirisha. Hapa hawakung'oa kitu. Kufuli zimekula kutu. Nikaingia kwa dirisha la nyuma, sketi ikachanika. Nimejitakia.

Ndani kuna ukuta wa udongo umekata nyumba katikati. Haukuwepo mwanzo. Umepandishwa juu ya sakafu ya saruji bila msingi, umepinda, umemeza nusu ya rafu. Aliyeujenga alikuwa na hasira, huhitaji kuambiwa. Huku chumba, kule chumba (nilizunguka nikaingia kwa dirisha la pili), vinafanana kila kitu. Kuta zimebandikwa magazeti ya zamani. Nimesoma tangazo la cherehani mpaka shingo ikauma. Popo wapo, Mama hakudanganya.

Kilichonishika ni kitu kingine. Chini ya ukuta ule, usawa wa goti, palikuwa na tundu, likazibwa. Upande mmoja udongo umelainishwa kwa kiganja. Upande wa pili umetokeza tu, kama uji uliofurika sufuria. Basi mzibaji alikuwa upande wa kulainisha. Nani? Na tundu la nini, usawa wa goti? Nimepiga picha pande zote mbili harakaharaka, jua lilikuwa linaniponyoka.

Jumapili, 4 Mei

Mjomba amekuja kula. Yeye anataka nyumba ibomolewe, apate bati na mawe ajengee banda la kuku. Mama hataki, na bila Mama haiwezekani, urithi ni wa wote wawili. Kila Jumapili wimbo ni huohuo.

Nikakiri kwamba nimeingia. Nilitegemea kelele. Mama kaendelea kuosha sahani.

Mjomba ndiye kasimulia. Babu na kaka yake walijenga pamoja, wakagombana, wakagawa nyumba kwa ukuta; kaka mtu alipohama, nusu yake ikabaki kwa Babu. Waligombania nini? Kila mtu ana lake: ng'ombe, mpaka wa shamba, neno lililosemwa msibani. "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime," kasema Mjomba. "Hawa tulilima mavuno saba, hawajapatana."

Nikauliza, "Na lile tundu?"

Mkono wa Mama ukasimama ndani ya maji.

Walilichimba kwa kijiko, kasema. Yeye na Sindano, binti wa baba yake mkubwa – aliitwa hivyo kwa wembamba. Walikuwa rika moja, wamelala kitanda kimoja tangu wachanga, mara wakakatazwa hata kusalimiana. Tundu lilikuwa nyuma ya kitanda. Walipitishiana karanga, umbea, na chanuo jekundu ambalo lilikuwa moja, la wote wawili. Siku moja Mama katoka shule, kakuta pamezibwa. Chanuo lilikuwa kwa Sindano.

"Nikagonga. Nikagonga. Kimya," kasema Mama. "Alinichoka. Kachukua chanuo kafunga."

Baada ya hapo wakawa wanapishana njiani kama mtu na nguzo. Harusi ya huyu yule hakuja, ya yule huyu hakwenda. Nilitaka kucheka – chanuo! Nikamtazama Mama usoni, mwanamke ana wajukuu, mdomo unamtetemeka.

Na hapo kiherehere changu kikanipanda. Nikamwambia picha zitasema nani aliziba! Chumba chenu kilikuwa kipi? Kajibu bila kufikiri: "Ukisimama ukautazama ule ukuta, kwetu dirisha liko mkono wa kulia."

Jumanne, 6 Mei

Studio yangu ya picha haina nafasi ya kupumua. Picha za pasipoti, vikombe vya mahafali, fulana za harusi ya watu wasiojua wanataka rangi gani. Katikati ya hayo nimechapa picha mbili za ukuta, kubwa.

Jibu liko wazi. Upande uliolainishwa, dirisha liko kushoto. Kwa akina Sindano.

Nimempelekea Mama hata chakula sijala. Kavaa miwani. Kaitazama muda. Kavua miwani.

"Si nilijua."

Basi. Hakulia, hakufoka. Kaigeuza picha kifudifudi mezani, kachukua simu, kampigia Mjomba: "Bomoeni."

Mjomba kasema Ijumaa ana mafundi. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeomba mvua miaka na sasa inanyesha hana ndoo. Na mimi nilidhani nikimpa Mama jibu nitampunguzia mzigo. Tangu lini jibu likapunguza mzigo?

Alhamisi, 8 Mei

Mama wee! Mdomo uliponza kichwa.

Nilikuwa natafuta lile tangazo la cherehani, basi tu, nilicheke tena. Nikaikuza picha kwenye kompyuta. Herufi zote ziko kinyume! Nikadhani macho. Nikakuza zaidi. Kinyume.

Fulana! Picha ya kwenda kwenye fulana lazima uigeuze kwanza, kulia iwe kushoto, ili ikishapigwa pasi maandishi yasomeke. Jumanne asubuhi nilikuwa nageuza za harusi, nikazipitisha na za ukuta humohumo. Miaka yote hii ya kazi! Mwanafunzi wa wiki ya kwanza ningemfokea.

Kwa hiyo dirisha ni la kulia. Upande wa kulainisha ni kwetu.

Nimefunga studio na wateja wamekaa. Nimemweleza Mama mara mbili, nikamgeuzia hata fulana yenyewe aone. Mara ya pili kaelewa.

"Kwetu? Chumba kile nililala mimi na mjomba wako, na yeye alikuwa ananyonya."

Sikutaka kusema mimi.

"Na Baba akija kutuzimia taa," kamalizia.

Mama humwambii kitu kuhusu Babu. Picha yake ndiyo peke yake sebuleni, na hufutwa vumbi kabla ya vyombo vya kulia. Kaanza kutafuta njia: labda fundi, labda bibi, labda mimi na kompyuta yangu nimekosea tena. Ningemlaumu vipi? Nilishakosea mara moja.

Mjomba hapatikani kwa simu.

Ijumaa, 9 Mei

Tumefika asubuhi, mafundi wameshashusha bati zote. Mjomba yuko juu ya ukuta wa mbele na nyundo, anapiga kelele kama msimamizi wa bandari. Kamwona Mama, kashuka mwenyewe bila kuitwa.

Mama kaingia kwa mlango. Mara ya kwanza tangu ahame. Kasimama akautazama ule ukuta – dirisha mkono wa kulia. Hakuna haja ya kompyuta.

Kisha jua. Ingekuwa bati lipo nisingeona kitu, na Jumamosi sikuona. Leo jua lilikuwa linaingia kwa juu, linateleza ukutani kwa ubavu, na mwanga wa ubavu hauna siri: kila kovu linatoa kivuli. Pale kwenye tundu vikatokea vidole vinne, vipana, vya mtu mzima. Cha kati kimeishia njiani.

Babu alikatwa kidole na mashine ya kukoboa. Hata mimi nalijua hilo, na nilimkuta mzee wa kukaa kitini tu.

Mama kapiga magoti, kaweka mkono wake juu ya ule mkono. Wake ulipotelea ndani. Kakaa hivyo mpaka mafundi wakaacha kugonga. Nimepiga picha. Nimejichukia kidogo, lakini nimepiga.

"Aliona," kasema Mama. "Aliona na hakunigombeza. Jioni ile alinipa nyama yake yote." Halafu kwa hasira, kama vile Babu yuko nje anasikiliza: "Kwa nini hukusema, Baba?"

Mjomba kajikuna. Kasema, kama jambo la kawaida, kwamba namba ya Sindano anayo.

"Tangu lini?"

"Tangu simu zianze. Mimi sikugombana na mtu, dada. Mimi nilikuwa nanyonya."

Nilidhani nyundo itamrudia yeye. Mama kasema, "Mpigie."

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nikiwa nyuma ya nyumba ya Sindano. Nimewaambia naenda msalani.

Njia nzima Mama ametoa masharti. Baba asitajwe. Marehemu hawezi kujitetea. Yeye atasema aliziba mwenyewe, ataomba radhi, yaishe. Nikamwambia huo ni uongo. Kasema ni uongo wake, nisimchagulie. Nikamwambia na Sindano je, yeye anapewa nini? Kaangalia nje mpaka tukafika.

Sindano siku hizi ni ile ya kushonea magunia – mama mpana, mlango umemjaa. Wakatazamana.

"Umezeeka," kasema Sindano.

"Na wewe umenenepa."

Hawakukumbatiana. Tukakaa. Chai ikaja, ikapoa. Mama kaweka kikombe chini na kusema moja kwa moja, kama mtoto anayesoma ubaoni: "Lile tundu nililiziba mimi. Nisamehe."

"Najua," kasema Sindano. "Udongo ulitokezea kwangu. Nilikuwa nimekaa palepale. Niliuona unaingia."

Sikulifikiria hilo hata kidogo! Miaka yote yeye alijua umetoka upande gani, na ndiyo maana hakuja. Mama alipogonga, aligonga kwa mtu aliyekwisha kuumia.

"Nimeshasamehe zamani," kaendelea. "Ila niambie kitu kimoja, mwenzangu. Nilikukosea nini? Nimejiuliza nikiwa mtoto, nikajiuliza nikiwa na watoto. Sijapata. Nilikukosea nini?"

Mama kafungua mdomo. Uongo wake haukuwa na jibu la hilo, na hakuwa ameufikiria mpaka hapo. Kanitazama mimi, halafu mkoba wangu, ambamo kuna picha ya mkono. Nikasimama. Msalani.

Nimebaki huku nimeegemea pipa la maji. Nikiitoa mimi, namvunja Mama. Nisipoitoa, yule mama wa watu atakufa anatafuta kosa ambalo hakulifanya. Na si kazi yangu! Mimi nilifuata nyumba tu.

Sasa huko ndani kiti kimeburuzwa. Sindano anasema kitu taratibu, sikipati.

Mama ananiita. Jina langu lote, la ubatizo, kama nimevunja kitu.

"Njoo. Na huo mkoba uje nao."