Adhana ya Jumanne

Nguvumali, Tanga
Mwezi 17 Ramadhani

Dada yangu Saleha,

Shikamoo, na baada ya shikamoo nauliza hali ya magoti, maana tarawehe za mwanzo yalikusumbua. Sisi tu wazima kwa rehema za Mola. Mke wangu Hafsa anashukuru kwa nazi. Ningepiga simu, lakini Shemeji Uweso hupenda kuweka sauti nje, na haya si ya yeye kuyasikia kwanza.

Kazi yangu redioni waijua, kufagia studio na kuiangalia kompyuta kubwa inayorusha matangazo. Juzijuzi ikaandika kuwa imejaa, mawaidha mapya hayana pa kukaa. Kuizima haiwezekani, Ramadhani redio yatangaza usiku na mchana. Fundi Edgar aliyeko Moshi akatuma diski mpya kwa basi, na karatasi ya maelezo: kwanza nibofye kwenye skrini kulitayarisha tundu la tatu, ili mashine ijue kuna mgeni, nisubiri taa ya tundu hilo iwe ya njano, ndipo niisukume diski taratibu, mashine ikiendelea na kazi yake.

Jumanne baada ya Alasiri nikatia udhu, nikapiga bismillahi, nikabofya. Matundu yako manne kwa safu, mawili yana diski. Nikahesabu kuanzia kuume, kama tulivyofunzwa kuanza kila jambo la heri. Taa ya njano ikawaka kwenye la pili. Nikasema mashine nayo imefunga, imechoka, imekosea. Tundu langu la tatu lilikuwa na diski tayari. Nikawaza, basi mwenyeji ampishe mgeni. Nikaichomoa.

Dada, redio ikanyamaza. Skrini ikawa nyeusi, na saa ya studio imo humohumo. Edgar nilipompata alicheka kwanza, kisha akasema mashine huhesabu kuanzia kushoto, nisiguse tena kitu mpaka aje kesho yake. Simu ikaisha chaji hapohapo. Mtangazaji alishakwenda kwao kufuturu, kwa kuwa adhana ya Magharibi imo ndani ya kompyuta, hujirusha yenyewe. Na watu tangu Kigombe hadi nyinyi wa Mwera mlio mbali na msikiti mmekaa na tende mkononi.

Kipaza sauti hakipitii kwenye kompyuta, kilikuwa kizima. Studio haina dirisha, nikatazama saa yangu ya mkononi. Ilipotimia nikaadhini mwenyewe.

Nimesikia Shemeji amesema yule muadhini mpya ana sauti ya jogoo aliyekabwa. Nimemsamehe. Ni mimi.

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Wakumbuka saa yangu huiweka mbele dakika tano nisichelewe swala. Siku ile sikukumbuka hadi nilipomaliza bakuli la uji. Nimekwenda kwa Sheikh Abdulghani, nimemweleza yote. Akasema na yeye alifuturu kwa redio yetu, na kwamba siku hiyo tutailipa sote baada ya Idi. Ijumaa natangaza kosa hewani, kwa jina langu.

Najua Shemeji hujisifu miaka thelathini hajawahi kulipa hata siku moja. Mwambie wewe, kabla ya Ijumaa, akishashiba.

Edgar amekuja, diski zote ziko salama. Hakuna kilichopotea ila Jumanne.

Wasalimie wote, na mniombee dua.

Mdogo wako,
Miraji